Sadaka ya Mlangoni na Ala ya Kusomea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia kalamu kuwa njia ya kumfikishia mwanadamu yale asiyoyajua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa na Malindi na Lamu, wengi wenu mna jamaa katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Tangu Waingereza walipojenga boma Nyeri mwaka 1902, na Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, watu wa pwani walifuata huko kwa biashara na uaskari na uchukuzi, wakajenga vibanda vyao na misikiti yao, na mpaka leo mtaa wa Waislamu katika Nyeri na Nanyuki na Meru waitwa Majengo. Basi haya tutakayoyasema yawahusu watoto wa ndugu zenu. Asidhani msomaji kuwa ni habari za baridi ya bara zisizomfika yeye aliyeketi barazani kwake Mji wa Kale.

Mtoto wa Kiislamu akizaliwa katika miji hiyo naye haoni au hasikii, aghalabu huanza kwa kufichwa chumba cha ndani. Mama huona haya. Baba huambiwa ni majini. Na pesa ambazo zingelimpeleka kwa tabibu wa macho au wa masikio huenda kwa mganga, zikanunua hirizi na kombe na kuku mwekundu. Miaka sita au saba yapita hivyo. Kwa mtoto kiziwi hiyo ndiyo miaka ambayo akili hushika lugha kwa wepesi, na ikimpita bila ya lugha yoyote, kuifidia baadaye ni kazi nzito. Kisha mtoto hukua. Ikiwa ni kipofu, huonekana siku ya Ijumaa mlangoni pa msikiti, ameshikwa mkono na ndugu yake mdogo, ambaye naye kwa sababu ya kumwongoza hakupata kusoma. Watu hutoka katika swala, huyu humtilia shilingi kumi na yule ishirini, na kila mmoja hurudi kwake moyo umetulia.

Shilingi hiyo ni sadaka, wala hatuikatazi. Lakini twauliza: ni Ijumaa ngapi zimepita, na mtu huyo yuko pale pale? Ni mji gani wa Kiislamu uliowahi kumtoa mtu mlangoni kwa shilingi kumi kumi?

Sasa tazameni upande wa pili. Atokaye Nairobi kwenda Nyeri hupita Thika, na hapo Thika Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu mwaka 1946. Mbele huko, Igoji katika nchi ya Meru, Wakatoliki wana shule ya wasioona iitwayo St. Lucy's. Viziwi nao wana shule Tumutumu karibu na Karatina, na Kerugoya, na St. Luke's ya Embu, na Kaaga ya Meru. Ukiuzunguka mlima wote utakuta shule hizi, na nyingi katika hizo ama zilianzishwa na makanisa ama makanisa yanazilea mpaka leo. Hata hapa kwetu Likoni, shule ya vipofu ni ya Jeshi la Wokovu.

Wako wanaosikia haya wakaanza kulalamika kuwa misheni yawachukua watoto wetu. Twawaambia: yawachukua kutoka wapi? Mtoto aliyefichwa chumba cha ndani hakuchukuliwa na mtu. Aliachwa, na mwingine akamwokota. Atakaye kulalamika na atuonyeshe kwanza ile madrasa iliyomfungulia mlango.

Mwenyezi Mungu hakutuacha bila ya onyo katika jambo hili. Kila mtoto wa chuoni aijua sura ya themanini, Abasa, na sababu ya kushuka kwake. Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, na Mtume alikuwa na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu. Kipofu akaomba, naye akakengeukwa. Ndipo wahyi ukashuka kumkumbusha Mtume kwamba huyu aliyekuja mbio akitaka elimu ndiye mwenye haki zaidi ya wale wanaojiona wametosheka. Tangu siku hiyo mtu huyo alikirimiwa, akawa muadhini wa Mtume pamoja na Bilali, na Mtume aliposafiri alimwacha mara kwa mara kuwaswalisha watu wa Madina. Zingatieni kuwa Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba kufundishwa, na wahyi ukashuka kwa sababu hiyo.

Na yuko sahaba mwingine, Itban bin Malik, aliyedhoofika macho, na mvua iliponyesha bonde lilijaa maji asiweze kuufikia msikiti wa watu wake. Alimwomba Mtume aende aswali nyumbani kwake, mahali pale apafanye pa kuswalia. Mtume (s.a.w.) akaenda, akauliza: wapi wapenda tuswali? Habari hii imo katika Bukhari. Asiyeweza kuifikia ibada, ibada ilifikishwa alipo.

Basi twaingia katika jambo lenyewe, nalo ni ala. Kwani mwalimu atasema: mimi nataka kumfundisha kipofu, lakini nitamfundishaje kusoma naye haoni ubao?

Jawabu la swali hili lilianza kutafutwa na Waislamu zamani sana. Mwanachuoni Khalil bin Aibak as-Safadi, aliyekufa mwaka 764 wa Hijra, alitunga kitabu kizima cha habari za vipofu mashuhuri, na ndani yake amemtaja Zainuddin al-Amidi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyekaa Baghdad na kufanya biashara ya vitabu. Mtu huyu hakuwa akiona. Alipokinunua kitabu, alichukua kipande cha karatasi akakisokota kwa umbo la herufi, kwa hesabu ya abjadi, kuonyesha bei aliyokinunulia, akakigandisha ndani ya jalada na kubandika karatasi juu yake. Siku akisahau bei, alipapasa kwa kidole akaisoma. Alikuwa hai mwanzoni mwa karne ya nane ya Hijra, yaani miaka 500 hivi kabla ya yule Mfaransa ambaye dunia yote yamtaja. Lakini fikra yake ilikufa pamoja naye. Hapana aliyeifanya kuwa maandishi ya kufundishia watoto. Hasara hiyo twaiona ni kubwa kuliko nyingi tunazozililia.

Mfaransa huyo ni Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, baba yake fundi wa ngozi. Akiwa na miaka mitatu alijidunga jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake, akapofuka macho yote mawili. Mwaka 1824, naye ana miaka 15, alikuwa amekwisha kupanga maandishi ya nukta nundu ambayo wengi leo huyaita breli: nukta sita tu, tatu upande huu na tatu upande huu, na kwa kuzipanga hivi na hivi zapatikana alama 63, zatosha herufi na tarakimu na vituo. Kijana akayaweka maandishi katika ncha ya kidole.

Kuyaandika kwake ni kwa namna mbili. Iko ya kibao chenye vijidirisha na kalamu yenye ncha ya chuma, ambayo ni rahisi na yaingia mkobani. Na kwa kuwa mtu hudunga upande wa nyuma wa karatasi, huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi akasoma kutoka kushoto. Na iko mashine iitwayo Perkins, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1951, ina vibonyezo sita kwa nukta sita, na vingine vya kuacha nafasi, kurudi nyuma na kushuka mstari. Ni chuma kizito, karibu kilo 5, na bei yake si ya mtu maskini, lakini ikitunzwa hudumu miaka na miaka, na ikiharibika hutengenezeka. Siku hizi kimetoka na chombo kidogo, Orbit Reader 20, ambacho hakitumii karatasi: vijisindano huinuka na kushuka vikafanya herufi 20 kwa mara moja, na vitabu hukaa ndani ya kadi ndogo kama ya simu. Kitabu cha kawaida kikitiwa breli huwa majalada mazito ya kujaza rafu. Katika chombo hiki mtoto hubeba rafu nzima kwa mkono mmoja.

Na yako yanayosema. Ziko programu zinazokisoma kwa sauti kila kilicho juu ya kioo cha kompyuta. Mojawapo, NVDA, ilianzwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, nao huitoa bure kwa yeyote, na Kiswahili kimo katika sauti zake, ingawa (tuseme kweli) ni Kiswahili cha mashine, na sikio la mtu wa Mombasa litacheka mwanzo kabla ya kuzoea. Simu nyingi za kisasa zina uwezo kama huu ndani yake tangu zitokapo dukani. Huwa umezimwa tu, na mtu huuwasha katika mipangilio ya simu. Wangapi katika sisi tuna ala hii mfukoni, na jirani yetu asiyeona hajaambiwa kuwa ipo?

Kuna shirika la Kenya liitwalo inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009, ambalo lilianza kuweka vyumba vya kompyuta katika shule ya vipofu ya Thika, baadaye likafika Igoji, na Likoni pia. Basi mtoto wa Majengo ya Meru aliyepelekwa Igoji aweza leo kuandika insha yake, akaisikiliza, akaisahihisha mwenyewe. Akirudi likizo kwenda madrasani, huketi nyuma, mikono mapajani, akisubiri wenziwe wasome ili adake kwa sikio. Kwa wiki chache hizo elimu ya dini yamwonyesha kuwa yeye ni kipofu, na elimu ya dunia ilikuwa imekwisha kumsahaulisha hilo. Mtoto mwenye akili hulipima jambo kama hilo, hata asiposema.

Hapa hutokea mwalimu akasema kuwa kipofu hahitaji kusoma, na ahifadhi kwa kusikia kama walivyohifadhi wa kale. Twakubali kuwa kuhifadhi ni fahari, na wako mahafidhi wasioona ambao sisi wenye macho hatuwafikii. Lakini aliyehifadhi kwa sikio tu amefungwa katika ulimi wa mwalimu wake. Mwalimu akikosea madda au ghunna, naye atakosea, wala hana pa kurejea kuhakikisha. Na dini si kuhifadhi peke yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya kuandikiana deni. Je, mfanyabiashara asiyeona wa soko la Karatina ataandikiana vipi, ikiwa kila hati yake lazima isomwe kwa macho ya mwingine? Wasia wake, barua ya mkewe, hesabu ya duka lake, vyote vimo katika mikono ya watu.

Wengine huona tabu kuwa breli ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto. Tabu hiyo ni ya jicho, na mwenye kusoma hapa hana jicho. Mfuatano wa herufi ni ule ule, hapana iliyotangulia wala iliyochelewa. Tena liko jambo lililotupendeza sana tulipolichunguza: herufi nyingi za Kiarabu katika breli zimepewa nukta zile zile za herufi za Kizungu zenye sauti moja nazo. Ba ni kama b, lamu ni kama l, mimu ni kama m, nuni ni kama n, sini ni kama s. Fatha na kasra na dhumma, kwa kuwa kidole hakina juu wala chini, huandikwa baada ya herufi yake. Basi mtoto atokaye Igoji au Thika naye aijua breli ya Kiswahili amekwisha kuijua sehemu kubwa ya alifu-be-te asiyoijua kuwa ni alifu-be-te. Na mwalimu wa madrasa mwenye macho mazima aweza kujifunza alama hizi kwa kuzitazama tu, bila ya kungoja vidole vyake vizoee. Misahafu ya breli huchapwa Madina yenyewe. Ama kama yapasa udhu kuigusa, hiyo ni mas'ala ya kuulizwa wanavyuoni. Isiwe kisingizio cha kumnyima mtoto kuisoma.

Kuhusu viziwi, maneno yetu ni makali zaidi, kwa sababu kipofu madrasani angalau hudaka kitu. Kiziwi hupata nini? Chuo chetu chote ni sauti. Huketishwa ili asizurure, akatazama midomo ikichezacheza, akarudi nyumbani. Na fiqhi yetu ilimtangulia mwalimu huyu kwa karne nyingi, kwani mafakihi wameihesabu ishara ya bubu inayofahamika kuwa mahali pa tamko lake; kwa ishara huoa, huuza, hununua na kukiri. Ikiwa ndoa ya mtu yasihi kwa ishara, vipi mafundisho ya sala yake yasiwe kwa ishara? Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, imetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, na watoto wa Tumutumu na Kaaga huzungumza nayo kwa wepesi kama sisi tunavyozungumza Kiswahili. Simu yenye kamera imewafanyia viziwi jambo kubwa ambalo sisi wenye masikio hatulioni: wawili walio mbali, mmoja Nanyuki na mmoja Kisauni, hutazamana na kuongea kwa mikono. Huko Nairobi eKitabu hutengeneza hadithi za watoto kwa picha za video zenye mtu anayeashiria. Vipi basi kusiwe na video ya namna ya kutawadha na kuswali, ikafafanuliwa kwa ishara za hapa kwetu Kenya? Katika Msikiti wa Makka hutuba hufasiriwa kwa ishara. Ikiwa imewezekana pale penye mamilioni, haishindikani Nyeri.

Sasa gharama. Watu wetu wakisikia mashine na kompyuta husema: hizo ni za serikali na za wafadhili. Ni kweli kuwa serikali ina wajibu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na vifaa vya kumsaidia, na mzazi asichoke kuidai. Na mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mapatano ya Marrakesh ya mwaka 2013, ambayo yaruhusu vitabu kugeuzwa breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila ya kumwomba kila mtungaji ruhusa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata watu 900,000 na zaidi wenye ulemavu katika nchi hii, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Binti asiyeona hawekwi hata mlangoni pa msikiti. Yeye hubaki kule kule chumba cha ndani.

Lakini sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na tuna zaka. Imamu Nawawi katika Majmuu ameeleza kuwa fakiri mwenye kazi yake hupewa katika zaka kiasi cha kununulia ala za kazi hiyo, iwe thamani yake ni ndogo au ni kubwa. Fundi wa mbao hupewa msumeno. Basi mwanafunzi fakiri asiyeona, ala yake ni nini, ikiwa si kibao na mashine na kompyuta isemayo? Kwa maoni yetu, haya ya Nawawi yanamhusu moja kwa moja, na mwenye hoja ya kuyatoa humo na aituletee, tutaipiga chapa. Zaka ya mfanyabiashara mmoja wa Marikiti, ambayo kila Ramadhani hugawanywa noti noti katika mikono mia mpaka haionekani ilikokwenda, yatosha kumtoa mtu mmoja mlangoni moja kwa moja. Mwaka ujao na atolewe wa pili.

Likizo ya Agosti watoto wa Thika na Igoji na Tumutumu hurudi Majengo, na hukaa nyumbani wiki chache. Kamati za misikiti ya Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru zingeweza kabla ya wakati huo kupita nyumba kwa nyumba na kuandika majina ya watoto wote wasioona na wasiosikia, walio shuleni na waliofichwa. Kumteua mwalimu mmoja katika kila madrasa ajifunze nukta za Kiarabu, na mwingine ajifunze ishara kutoka kwa viziwi wenyewe, maana wao ndio walimu wake. Na kuwa na vibao na kalamu zake, na kompyuta moja iliyotiwa programu ya bure. Mashine ya Perkins yaweza kungoja Ramadhani. Na ninyi wa pwani mwenye jamaa huko, mwandikieni au mpigieni simu, mmuulize jambo moja tu: yule mtoto, alipokuja likizo iliyopita, aliketi wapi madrasani?

Wabillahi tawfiki.